Babu, Mguu Wangu na Njia ya Shule

Babu yangu alifariki mwaka jana, mvua za kwanza zilipoanza kunyesha Mpanda. Alikuwa seremala. Banda lake la kazi lilikuwa Kashaulili, nyuma ya soko, na nyumba yetu ilikuwa Magamba, kwa hiyo sehemu kubwa ya maisha yake aliipitisha kati ya hapo na hapo, juu ya baiskeli. Alizaliwa Burundi, akaingia Tanzania akiwa kijana, akaishi kwenye makazi ya wakimbizi ya Katumba, na baadaye akapata uraia. Wajukuu tulimwita Sogokuru, yaani babu kwa Kirundi. Mimi aliniita mchumba, na bibi alijifanya kununa kila alipolisikia jina hilo.

Nilizaliwa mguu wa kulia umepinda kwa ndani, nikawa nakanyagia ubavu wa unyayo. Mama yangu alikuwa ananunua dagaa Ikola, kando ya Ziwa Tanganyika, na kuwauza mjini. Safari zilikuwa nyingi na hakuwa na wa kumsaidia, akaniacha kwa wazazi wake. Wanawake waliokuja kumsalimia bibi waliniangalia na kutikisa kichwa. Siku moja mmoja wao akasema mbele yangu kwamba mtoto kama huyu ni wa kukaa nyumbani na kulishwa tu. Babu alikuwa uani anakunywa uji. Aliweka kikombe chini.

"Nyie mnamwonea huruma, na mwenzenu anataka kucheza," alisema. "Mwacheni acheze."

Wiki hiyo hiyo alinunua viatu vya mtumba, akakata kimoja ubavuni, akakitengenezea soli ya mti wa mninga iliyoinuka upande mmoja. Kiatu cha kwanza kiliniumiza mpaka nikalia. Babu akaketi chini, akaupakata mguu wangu, akawa anapitisha kidole taratibu.

"Hapa panauma? Na hapa?"

Aliniuliza kwa makini vilevile alivyomuuliza mteja anayeagiza kabati. Alikibomoa, akachonga upya, akapiga msasa, akakibomoa tena. Sikumbuki alirudia mara ngapi. Nakumbuka asubuhi niliyosimama kando ya pipa la maji bila kushika kitu. Bibi alipiga vigelegele hadi jirani akaja kuuliza kama tumepata mgeni.

Umri wa shule ulipofika, babu alinipeleka kuandikishwa. Mwalimu mkuu alikuwa mama mpole, lakini aliutazama mguu wangu akasita.

"Mzee, tatizo ni choo. Kiko mbali, na njia ina mawe. Akianguka?"

"Akianguka atainuka," babu akajibu. "Lakini umesema kweli, mwalimu. Naomba nikaione hiyo njia."

Wakaenda wote wawili kuitazama. Jumamosi babu akarudi na jembe, msumeno na vipande vya mbao. Aliondoa mawe, akasawazisha ardhi, akaweka kishikio cha mti kuanzia kona ya darasa mpaka mlangoni mwa choo. Jumatatu nikaanza darasa la kwanza. Kishikio kile kilikuja kutumiwa na kila mtoto, wengi wao kwa kubembea, na mwalimu mkuu akawa kila siku anawafukuza.

Kutoka Magamba hadi shuleni nilienda kwa baiskeli ya babu. Kwenye keria alifunga kiti kidogo chenye egemeo na mahali pa kuweka miguu, na chini yangu akatandika kipande cha godoro. Kiangazi tulifika tumejaa vumbi jekundu. Masika alishuka kwenye tope akasukuma, mimi nikiwa nimekaa juu kama mkubwa wa serikali, na huku aliimba tenzi za kanisani kwa Kirundi kwa sauti mbaya kabisa. Watu waliotaka kumwona mapema bandani walizoea kumsubiri. Walijua kwanza anampeleka mchumba wake shule.

Mchana alikuja kunichukua, nikashinda naye bandani. Nilifanyia kazi za shule kwenye benchi lake, kwenye kona aliyoifagia vumbi la mbao kwa ajili yangu. Alichoka, mgongo ulimuuma, lakini sikuwahi kumsikia akimjibu mteja kwa ukali. Kitanda kikitoka mikononi mwake alikilalia kwanza yeye mwenyewe, akageuka huku na huku, ndipo akamwita mteja aje akichukue.

Nilipokuwa darasa la tano, madaktari waliopita mjini waliupima mguu wangu wakasema unaweza kunyooshwa, ila katika hospitali ya mbali, na matibabu yatachukua miezi. Bibi aliogopa kisu. Mama alikuja kutoka Ikola, wakazungumza, wakakubaliana. Babu alifunga banda kwa kufuli, tukapanda treni.

Kule hospitali wanaume hawakuruhusiwa kulala wodini, akawa analala kwenye kibanda cha ndugu wa wagonjwa. Kulipokucha aliingia kunisalimia, halafu hakukaa bure. Aliazima nyundo, akakaza meza zilizolegea, akawachongea watoto wengine magongo ya kutembelea. Baada ya wiki chache wodi nzima ilikuwa inamwita Sogokuru, hata wauguzi.

Asubuhi ya upasuaji nilimshika shati nikagoma kuliachia.

"Sogokuru, wakikosea je?"

"Wakikosea tutarudi kwenye kiatu chetu. Kile tunakijua vizuri."

Nikamwachia shati.

Hawakukosea. Mguu haukuwa kama wa watu wengine, na mpaka leo nachechemea kidogo, lakini unyayo wangu wote unakanyaga chini. Tulipofika nyumbani nilishuka mwenyewe na kutembea hadi mlangoni. Bibi alikaa chini palepale akalia.

Kitu ambacho sikukijua wakati ule, bibi alikuja kuniambia nikiwa mkubwa. Katika miezi ile wateja wa babu walikwenda kwa mafundi wengine. Kazi kubwa ya mabenchi ya kanisa, aliyokuwa ameahidiwa na aliyoisubiri kwa muda mrefu, akapewa mtu mwingine. Alirudi akakuta banda tupu, akaanza upya na vigoda na miko ya kusongea ugali. Nilipomuuliza kama alijuta, alicheka.

"Mabenchi ya kanisa yapo kila mahali," alisema. "Wewe ulikuwa mmoja."

Baada ya sekondari nilijifunza ushonaji. Mguu ulichoka haraka kwenye pedali ya cherehani, basi babu akaongeza kipande cha mbao kwenye pedali ili kisigino nacho kifanye kazi. Cherehani ile ndiyo inayonilisha hadi leo, hapo hapo Kashaulili.

Nilipojifungua, babu alikuja hospitali akitembelea fimbo. Nilimpa mtoto ampakate. Hakutazama uso kwanza. Alifungua khanga kwa chini, akaishika miguu ya kitukuu chake, mmoja mmoja, akapitisha kidole.

"Yote imenyooka," alisema. Halafu akaifunika. "Hata ingepinda, tungejua la kufanya."

Nililia sana siku ile, na yalikuwa machozi ya furaha.

Babu alikufa nyumbani, baada ya kuugua muda mfupi. Asubuhi alikunywa uji, akauliza kama kitukuu amekwenda shule, tukamwambia amekwenda. Mchana akalala, hakuamka. Mafundi wenzake wa sokoni walitengeneza jeneza, mimi nikashona kitambaa cha ndani. Watu walijaa uani mpaka barabarani. Wengine hatukuwafahamu. Walikuja wakitaja tu vitu alivyowatengenezea: kitanda cha ndoa yangu, mlango wa nyumba yangu, meza ninayouzia nyanya. Mwalimu mkuu wangu alikuja pia, mzee sasa, akanishika mkono muda mrefu.

Nilifikiri baada ya msiba nyumba itakuwa na huzuni isiyokwisha. Huzuni ipo. Lakini Jumapili moja, kabla ya arobaini, bibi alikuja kwangu amebeba kitenge cha njano iliyokolea, kama maua ya alizeti.

"Nishonee gauni la kanisani," alisema. "Babu yako alinikataza kukaa na nguo nyeusi. Alisema watu watadhani aliishi nami vibaya."

"Mikono mirefu au mifupi, bibi?"

"Mifupi. Na uweke mifuko."

Nikampima palepale mlangoni, yeye akiwa amenyoosha mikono, tukicheka wote wawili, mwanangu akitushangaa.