Nani Anaigeuza Feni?

Fundi umeme alikuwa juu ya ngazi kwa mara ya tatu wiki hiyo, kichwa kinakaribia dari, jasho linamtiririka mpaka kwenye nyusi. Chini yake, wifi yake, mwenye chumba cha kushonea, alikuwa amejishika kiuno.

"Wifi, si uliniambia umeitengeneza?"

"Niliitengeneza."

"Mbona inazunguka tu, upepo hatuuoni? Wateja wakijaribu nguo zinawaganda mwilini!"

Fundi alipapasa tumbo la feni. Kile kiswichi kidogo kilikuwa kimesukumwa tena upande wa majira ya baridi. Akashusha pumzi kwa nguvu. Mara ya kwanza alidhani ni bahati mbaya. Mara ya pili aliwaelekeza washonaji wote wawili taratibu, kama anafundisha chekechea: wakati wa joto, ukiitazama kutoka chini, feni izunguke kinyume cha mishale ya saa, isukume upepo chini. Baridi ikija unaigeuza na kuipunguza kasi, ivute hewa juu, na lile joto lililojikusanya darini literemke kupitia kutani. Waliitikia kwa vichwa. Na sasa hii hapa.

"Kiswichi hakijisukumi," alisema. "Kuna mtu anakigusa."

Washonaji wakaapa si wao. Mmoja akasema hata akipanda stuli hafiki.

"Labda ulifunga vibaya," wifi akasema.

Hapo ndipo alipompandisha mori. Miaka kumi na tisa anafunga feni, maofisini na mahotelini, leo aambiwe hajui kufunga, tena na wifi, mbele ya watu!

Akakirudisha kiswichi, akaondoka. Kesho yake alifika kabla wengine hawajaingia. Mlango ulikuwa wazi. Mama mkwe wake, ambaye hushona vifungo na ndiye hukaa na funguo, alikuwa amesimama juu ya meza ya kukatia, mti wa ufagio mkononi, analenga kiswichi huku ncha ya ulimi imechungulia nje.

"Mama! Utaanguka!"

"Usinipigie kelele. Shika meza."

Akashika meza. Angefanyaje?

"Kiti changu kiko chini ya feni kabisa," mama mkwe alisema alipokwisha kushuka. "Upepo unaniingia mabegani, vidole vinakufa ganzi, sindano inaniponyoka. Wewe mwenyewe ulisema, wakati wa baridi ukiigeuza, haimpulizi mtu. Mimi nilikusikiliza."

"Sasa kwa nini hukusema, Mama?"

"Nimesema mpaka nimechoka. Binti yangu ananiambia nivumilie."

Fundi alimeza maneno yote aliyokuwa ameyaandaa tangu jana. Akabeba kile kiti na kikapu cha vifungo mpaka kona ya dirishani, penye mwanga na pasipofika upepo. Kisha akapanda ngazi, akarudisha kiswichi.

Wifi alipoingia, alimkuta anafunga mfuko wa vifaa.

"Feni ni nzima, na ilikuwa nzima siku zote," fundi alisema. "Mama yako alikuwa anapanda meza kuigeuza kila nikishairekebisha, kwa sababu hukumsikiliza. Hiyo si kazi ya umeme, wifi."

Wifi aliangalia meza, akaangalia magoti ya mama yake. Akaenda kumtafutia mto wa kuegemea.

Mama mkwe akaupokea, akaketi, akakunja uso.

"Na hili jua linalonipiga machoni? Hakuna pazia?"

Fundi, ambaye alikuwa ameshaikunja ngazi, aliiegemeza ukutani, akauliza nyundo iko wapi.