Sabuni Yangu Katika Bomba la Baba

Shoga zangu, leo nimeziba bomba la baba la kunyunyizia dawa.

Alikuwa amechanganya dawa mbili za kuua magugu shambani Siyu, lakini matone yakateleza majanini na kumwagika chini.

Nikamwambia tumefundishwa skuli kutia sabuni kidogo ili dawa ishike. Akanipa mstari mmoja wa shamba nijaribu. Nikishindwa, narudi kupalilia kwa jembe.

Nilisahau kwamba maji ya kisima chetu yana chumvi. Sabuni iliganda, bomba likakwama.

“Bi Mwalimu,” baba akasema, “hii ni dawa au mtindi?”

Nikachota maji ya mvua yaliyohifadhiwa birikani, nikazibua bomba, nikachanganya upya. Matone yakatulia juu ya majani.

Baba akainama, akayatazama kitambo.

“Haya, maliza mstari wako. Tuone kama magugu nayo yamesoma.”

Yafe, inshallah. Semeni amin.