Mikate Mia Tatu na Nduru Moja

Tarehe kumi na tisa mwezi wa tano nilimpoteza kaka yangu Ouma, na wiki sita baadaye nikapoteza mikate mia tatu na heshima yangu yote, mchana kweupe, watu wakiona. Aibu hiyo nimeibeba kimya, leo wacha niseme.

Kaka tulimzika kwetu, kisiwani Rusinga. Mimi sikulia. Wenzangu walilia mpaka sauti zikakauka, mimi nikawa napika chai na kuosha vikombe tu, na niliporudi kazini kwenye kiwanda cha mikate hapa Rongo nikasahau chumvi kwenye unga, mara ya kwanza, mara ya pili, na bosi (mtu wa mbali, mpole, haongei Kijaluo) akasema kosa la tatu litanitoa kazini. Halafu akamleta mshauri atufundishe afya ya akili, mama mmoja wa miwani. Mama yule alisema machozi yakikaa ndani yanaoza. "Lieni kama mnavyolia nyumbani," akasema.

Mimi ni mtu wa kufuata maagizo. Kesho yake, nikipanga mikate, nikaona mmoja umepasuka kichwani, na Ouma alipenda sana ile iliyopasuka, nikasikia machozi yanakuja. Ningeweza kwenda chooni. Nikamkumbuka mshauri, nikaweka mikono kichwani, nikapiga nduru.

Sasa nduru ni ukemi wa msiba, na kwetu hauachwi peke yake: ukiusikia unajibu, unakimbilia unakotoka, maswali baadaye. Wakandaji wakajibu. Wa tanuri wakaacha tanuri wakajibu. Tukatoka uani tukizunguka, unga umetujaa usoni kama watu waliofufuka, wauza ndizi wa ng'ambo ya barabara wakaingia wakilia, bodaboda zikaja zikipiga honi. Nilitaka kusimama niwaeleze lakini kilio kilikuwa kimenizidi. Mtu akauliza nani amekufa, mwingine akasema bosi hajaonekana tangu saa nne. Basi wakaanza kumlilia kwa jina, hata Mama Adhis wa tanuri, aliyemwita mchoyo asubuhi ile ile, akawa anauliza sasa nani atatulea.

Bosi alikuwa chooni, tumbo linamsumbua. Alijisikia akililiwa robo saa nzima, akaogopa kutoka. Alipofungua mlango, nusu ya waombolezaji walikimbia. Ndani, mikate ilikuwa makaa.

Akauliza nani alianza. Nikainua mkono.

"Unamlilia nani?"

"Kaka yangu."

"Amekufa leo?"

"Hapana. Wiki sita."

Mama Adhis akafuta uso. "Nyar Rusinga," akasema (binti wa Rusinga, ndivyo wanavyoniita), "si ungetuambia? Tungemlilia huyo, tusimalizie machozi kwa mtu aliye chooni."

Nilijua kazi imeisha. Asubuhi nikakuta karatasi ukutani: kulia kumeruhusiwa, Ijumaa saa saba, nyuma ya stoo, tanuri likiwa limezimwa. Nikaapa sitalia tena kazini, hata mkate upasuke mara mbili.

Ijumaa nilipita nyuma ya stoo kumwaga maji tu. Bosi alikuwa amesimama pale peke yake, kitambaa mkononi.

"Mama yangu," akasema bila kuniangalia. "Mwaka jana." Kisha akauliza, "Huwa mnaanzaje?"

Nikaweka ndoo chini, nikamwonyesha mahali pa kuweka mikono.