Siku Plagini Yangu Ilipoinyamazisha Kwaya

Mimi si msimuliaji, wanaonifahamu wanajua hata salamu naitoa kwa sauti ya chini, lakini habari ya Jumapili ile ya mavuno imeshasimuliwa na watu wengi kuanzia Pasiansi mpaka huku kwetu Mkuyuni, na kila anayeisimulia anaongeza chake (mmoja alisema nilizimia, sikuzimia), kwa hiyo nimeona bora niiandike mwenyewe, taratibu, aibu yote ikae wazi na iwe ya kwangu.

Nina chumba kimoja cha kupanga ambacho nimekibandika trei za mayai ukutani ili sauti isirukeruke. Ndani kuna kompyuta niliyoipata ikiwa imeshatumika, maiki moja, na hedifoni ambazo waya wake umekatika kwa ndani, yaani ukigeuza shingo vibaya sauti za waimbaji zinapotea na kinanda kinabaki kikilia peke yake kwa mbali, ukirudisha shingo waimbaji wanarudi. Humo ndimo ninamorekodi. Sijasomea muziki popote. Nilimaliza darasa la saba, nikaenda kukaa na binamu yangu aliyekuwa anarekodi, nikawa namwangalia vidole vyake mpaka nikajua kinachofanyika. Kazi kubwa niliyokuwa nimefanya hadi wakati huo ilikuwa tangazo la muuza dawa ya panya, lile linalopigwa kwenye spika ya baiskeli, kama umepita sokoni umelisikia.

Basi siku moja akaja Mwalimu Projestus, mwalimu wa kwaya ya usharika wetu, mtu wa Bukoba, mrefu, anayeongea kama anasahihisha daftari. Akaniambia wanataka kurekodi wimbo mmoja wa kuimba siku ya mavuno, na kwamba ukipendwa watarekodi kwangu nyimbo nyingine, zitimie nane, iwe albamu nzima.

"Wenzangu walitaka twende studio kubwa ya mjini," akasema. "Mimi nimewaambia tuanze na Shija. Sasa Shija, usiniangushe."

Hakuna mtu mzima aliyewahi kuniamini namna hiyo. Nilirekodi wimbo ule kwa siku nne, waimbaji wakiingia watatu watatu kwa sababu chumba hakitoshi, na sauti zilitoka vizuri, hilo nalisema bila kujisifu. Siku ya mwisho Mwalimu akasikiliza, akatikisa kichwa kwa kuridhika, halafu akauliza, "Hizi sauti unaweza kuzifanya zisikike kama ziko kwenye kanisa kubwa, lile lenye dari refu?"

Jibu la kweli lilikuwa kwamba sina kitu cha kufanyia hivyo. Mwangwi uliokuwa kwenye programu yangu ulifanya watu wasikike kama wako ndani ya pipa. Lakini nilikuwa nimeshamwamkia shikamoo, ameitikia marahaba, amekaa kwenye kiti changu pekee, na mimi kumwambia mtu mzima kwamba kitu sikijui ni jambo nisiloliweza.

"Ndiyo, Mwalimu," nikasema. "Ijumaa utaukuta tayari."

Ndiyo ile moja ndiyo iliyozaa yote.

Kwa wasiojua, plagini ni programu ndogo unayoiingiza ndani ya programu kubwa ya muziki ili iifanyie kazi moja, kama hiyo ya mwangwi. Binamu yangu alikuwa ameniambia kuna moja nzuri ya bure, ukijisajili tu unaletewa namba ya kuifungulia. Jumatatu nikajisajili, nikaanza kuishusha, bando la intaneti likaisha ikiwa imefika robo tatu, nikaweka jingine ikaanza upya kama vile hatujawahi kuonana. Ikaingia. Nikafungua programu ya muziki, nikatafuta kwenye orodha, haimo. Nikazima kompyuta, nikawasha, haimo. Kumbe programu yangu ni ya zamani na inataka faili la aina nyingine. Nikashusha la aina hiyo, kinga ya virusi ikaliona, ikalifuta kabla sijaligusa (nilikuwa sijui kama kompyuta yangu ina kinga yoyote, miaka miwili haijawahi kukamata kitu, siku hiyo ndiyo ikaamka). Jumatano nikaizima kinga, nikalishusha tena, nikaliweka kwenye folda, kumbe folda siyo yenyewe, nikalihamisha. Alhamisi mchana jina la plagini likatokea kwenye orodha, na nakwambia nilisimama nikazunguka chumba mara mbili.

Nikaiweka kwenye sauti za waimbaji tu, kinanda nikakiacha, nikaibonyeza. Ikatokea picha ya kanisa, nzuri, na juu yake maneno mengi ya Kiingereza. Kulikuwa na kisanduku cha kuandika namba, na chini yake vitufe viwili, kimoja cha kijivu, kingine cha njano. Namba nilikuwa sina, niliisubiri tangu Jumatatu kwenye barua pepe haikuja. Kiingereza changu ni cha kubahatisha. Ningeweza kumuuliza mtu, wapo wengi waliosoma, lakini kumuuliza kungekuwa kukiri kwamba nilisema ndiyo bila kujua. Nikabonyeza cha njano. Maneno yakaondoka, mwangwi ukaanza kufanya kazi, na jamani sauti zile zilipanda mpaka darini. Nilitaka kulia.

Nikausikiliza wimbo kwa hedifoni. Baada ya muda waimbaji wakapotea, kinanda kikabaki. Nikageuza shingo, wakarudi. Wakapotea tena, nikageuza shingo, wakarudi. Nikajisemea huu waya sasa umefika mwisho wake. Ijumaa nikampa Mwalimu wimbo kwenye flashi.

Sasa lazima nieleze jambo ambalo waimbaji wenyewe wameniruhusu kulieleza. Siku za sikukuu kwaya nyingi za kwetu haziimbi, zinacheza. Wimbo uliorekodiwa unapigwa kwenye spika, wao wanapanga mistari, wanaenda kushoto, wanaenda kulia, midomo inafunguka, maiki wameshika, na kila mtu kanisani anajua na hakuna anayesema. Isipokuwa Mzee Mabula. Mzee Mabula anaimba bezi, ile sauti nzito ya chini, masikio yake yamechoka, na yeye wimbo ukipigwa anaimba kwelikweli, nusu hatua nyuma ya wenzake, lakini spika zinamfunika.

Jumapili kanisa lilijaa. Mbele kulikuwa na mazao, mikungu ya ndizi, viroba vya mpunga, mabeseni ya dagaa, kuku wamefungwa miguu. Na kulikuwa na kwaya ya wageni kutoka Busisi, wamevaa sare mpya za kijani, wameketi mstari wa pili na kukunja mikono kama watu waliokuja kukagua. Mimi nilikaa nyuma kabisa karibu na mlango.

Wimbo ukaanza. Watu wakageuka kutazamana, kwa sababu haukusikika kama wimbo uliotoka Mkuyuni. Nikaona mabega ya Mwalimu Projestus yakishuka kwa raha. Nusu dakika ikapita, halafu waimbaji wakapotea.

Kinanda kiliendelea, ngoma iliendelea, watu ishirini na nane walikuwa wamefungua midomo, na sauti iliyosikika kanisa zima ilikuwa ya Mzee Mabula peke yake, nzito, nje ya mstari, akimwimbia Mungu wake macho yamefumbwa. Sekunde tatu. Kisha spika zikarudisha kwaya nzima juu ya dari.

Kicheko kidogo kikapita upande wa vijana. Mimi nikawaza waya. Ningewaza nini kingine, wiki nzima nimekuwa nikigeuza shingo. Na hapa mimi, mtu ambaye hata sadaka huwa natoa wa mwisho ili nisionekane, nikainuka, nikainama, nikaanza kutambaa pembeni ya ukuta kuelekea kwenye spika ya mbele. Nilipofika kwenye mazao nikaweka goti ndani ya beseni la dagaa. Dagaa wakavu wana mlio wao. Mama mmoja akasema, bila kupunguza sauti, "Huyu naye anatafuta nini kwenye dagaa wangu?"

Nikafika kwenye spika na kuushika waya, na wakati huohuo waimbaji wakapotea mara ya pili. Mzee Mabula akabaki hewani. Nikautikisa waya, sauti zikarudi. Nikaamini nimeuponya. Nikasimama wima mbele ya kanisa zima, dagaa wamenata kwenye suruali, nikamwinulia Mwalimu dole gumba.

Mwalimu hakuniangalia. Nikasubiri pale pale, waya mkononi, kama mlinzi wake, na nusu dakika baadaye wakapotea tena. Sasa watu wote waliona kwamba niliyeshika waya ni mimi. Fundi mitambo wa kanisa akanifuata, akaninong'oneza, "Kijana, acha waya wangu, unatuharibia ibada."

Lakini safari hiyo ya tatu kulitokea jambo. Mama Kokushubira, mwenyekiti wa kwaya, mama mnene anayesimama mstari wa mbele, alikuwa ameshachoka kudhalilika, akashusha maiki kidogo akaimba. Kweli, kwa koo lake. Aliyekuwa pembeni yake akamfuata. Spika zikarudi, wao hawakunyamaza, wakaimba juu ya wimbo wao wenyewe, na pengo la nne lilipokuja hakuna aliyeliona isipokuwa mimi niliyekuwa nahesabu. Mzee Mabula akafumbua macho, akatazama huku na huku akashangaa kuwa ana wenzake. Walipomaliza watu walipiga makofi, hata wale wa Busisi walikunjua mikono.

Kisha Busisi wakaimba kwa spika zilezile, waya uleule, na hakuna kilichokatika. Hapo nikakumbuka kitufe cha njano.

Baada ya ibada kwaya ilikusanyika nyuma ya kanisa kwenye tenki la maji. Nilitamani kuondoka. Nilikuwa nimeshafika getini, lakini nikasikia Mama Kokushubira akimgombeza fundi mitambo, "Spika zenu mbovu zimetuvua nguo mbele ya wageni," na fundi mitambo, ambaye hakuwa na kosa lolote, anajitetea na hakuna anayemsikiliza. Nikarudi. Sijui miguu ilikuwa ya nani.

"Shija," Mwalimu akasema, "wewe ndiye uliyekuwa umeshika. Ni waya au siyo waya?"

Watu ishirini na nane wakanigeukia. Ningesema waya, ingekwisha hapo, nyimbo saba zilizobaki zingebaki zangu. Nikaangalia chini, nikaona dagaa mmoja bado yuko kwenye kiatu.

"Siyo waya, Mwalimu. Ni wimbo. Uliponiuliza kama naweza, nilisema ndiyo, nilikuwa sijui. Niliweka programu, ikaniuliza kitu kwa Kiingereza, sikuelewa, nikabonyeza tu. Fundi hana kosa."

Kisha Mzee Mabula, ambaye walikuwa wamemrudia maneno yangu sikioni, akaanza kucheka, akacheka mpaka akaegemea tenki. "Yaani leo nimeimba peke yangu mbele ya Busisi," akasema, "na hamkuniambia nijiandae. Ningevaa tai."

Wakacheka wote, hata Mama Kokushubira, ingawa yeye alicheka huku bado ameniwekea jicho. Dada Adventina, mwimbaji wa sauti ya kwanza anayefanya kazi kwenye duka la kuchapa na kutoa kopi, akaniomba simu, akafungua barua pepe yangu na kubonyeza mahali ambapo sijawahi kufika. "Hii hapa namba yako," akasema. "Iliwekwa kwenye folda ya barua taka, imekaa huku tangu Jumanne. Na hicho kitufe cha njano kiliandikwaje?" Nikamtajia maneno mawili niliyoyakumbuka. Akatikisa kichwa. "Kilikuambia endelea kwa majaribio, sauti itakuwa inakatika. Kilikuambia wazi, Shija."

Nikamgeukia Mwalimu. Nilimsubiri kama mtu anayesubiri matokeo ya mtihani.

"Mwenyekiti," akamwambia Mama Kokushubira, "uamuzi ni wako, mimi nilishampendekeza mara moja."

Mama Kokushubira akanikagua kuanzia kwenye kiatu chenye dagaa. "Angekaa kimya ningemfukuza," akasema. "Kesho tunakuja kuutengeneza huo wimbo, na Adventina atakaa pembeni yako akusomee. Zikitokea herufi za Kiingereza, mkono wako unautoa kwenye kompyuta. Umesikia, mwanangu?"

"Nimesikia, mama."

"Na ninyi," akawageukia wengine, "kuanzia leo mtaimba. Sitaki tena kuokolewa na Mabula."

Kesho yake namba ilikubali mara ya kwanza. Nilichukua dakika tano kufanya kilichonishinda wiki nzima, na sitaficha kwamba hilo liliniuma kuliko dagaa.

Tangu siku hiyo nimejiwekea masharti, na nayashika. Kitu nisichokijua nasema sikijui, hata kwa mtu niliyemwamkia (bado ni kazi ngumu, lakini neno linatoka). Kitufe nisichokielewa sikigusi mpaka nimemuuliza mtu. Na hakuna wimbo unaotoka chumbani kwangu kabla sijaupiga kwenye spika, mlango wazi, mwanzo mpaka mwisho, mara tatu, bila kugeuza shingo. Jirani yangu anayekaanga samaki nje alilalamika wiki ya kwanza. Wiki ya pili alikuja mlangoni kuuliza ule wa jana umeishia wapi. Sasa tumefika wimbo wa sita, zimebaki mbili, na akigeuza samaki wake anaimba sauti ya pili bila kukosea mahali.