Maji ya Kufulia

Jumatatu iliyopita tulimzika mama. Leo nimekunja khanga zake, na harufu ya sabuni ya mche imenirudisha kwenye chumba chetu cha kupanga, Kariakoo.

Chemba ya maji machafu ya nyumba ilikuwa imejaa. Mwenye nyumba alisimama mlangoni akasema, "Nikiona tone la maji machafu uani au barabarani, mnahama." Mama alikuwa ameshafua nguo za watu, kwa hiyo maji yote tuliyaingiza chumbani. Ndoo zilizunguka kitanda. Kwa joto lile maji yalianza kunuka kama nguo iliyovundikwa, na dirisha letu lilitazama ukuta wa jirani.

Mchana mama alijitwika ndoo moja, nikamfuata hadi choo cha kulipia cha sokoni. Njiani muuza mikoba alimtania, "Mama, uji huo? Nimiminie kikombe!"

"Ukinywa huu utatoa mapovu, mwanangu," mama akamjibu, na watu wakacheka.

Mzee wa chooni aliinuka alipoiona ndoo.

"Shikamoo, baba. Naomba nimwage haya tu."

"Marahaba. Hapana, mama. Nikikuruhusu wewe, mtaa mzima utanijia na ndoo."

"Sasa nikamwage wapi?"

Mzee aliketi tena kwenye kiti chake.

Tulirudi nayo. Mama aliitua kando ya zile nyingine, akafunga mlango kwa komeo, akapanda kitandani na kugeukia ukutani.