Picha Ukutani

Mkalimani alisifika kwa jambo moja: hata watu wakivunjiana heshima mbele yake, yeye alitafsiri bila kukunja uso. Ndiyo maana kikosi cha kupambana na dawa za kulevya kilimwita kila walipokuja wageni wa ng'ambo.

Safari hii walikuja maofisa wawili, na mpango wao ulielezeka kirahisi. Kijana anayebeba mzigo kwenye sanduku asikamatwe hapa. Aachwe apande ndege, na kule kwao wamfuate kimyakimya mpaka kwa mwenye mali. Mkalimani akayageuza yote vizuri. Kisha mkuu wa kikosi akawasha picha ukutani.

Kijana pichani alikuwa mdogo wake mkalimani, kitindamimba wa mama yao, aliyeaga nyumbani kwamba amepata kazi hotelini.

Mgeni akaendelea kuongea. Mkalimani akabaki kuitazama picha.

"Vipi, dada, umekwama?" mkuu akauliza.

"Huyo ni mdogo wangu, afande. Tumenyonya ziwa moja."

Mkuu akavua miwani. "Pole sana, dada yangu," akasema, na ilimtoka moyoni. Halafu akanyoosha mkono. "Nipe simu yako."

Walimweka stoo, kati ya viti vilivyovunjika na mashine mbovu za kuchapia, askari wa kike akikaa mlangoni.

"Mkamateni hapahapa, basi," mkalimani alimsihi. "Afungwe hapa, mama awe anamwona."

Askari akatazama sakafu. "Wakubwa wameshakubaliana, dada."

Ndege ilipotua ng'ambo, alirudishiwa simu yake. Mwenye mali hakutokea. Kijana alikaa na sanduku lake kwenye ukumbi wa hoteli, akichungulia mlango, mpaka waliomfuata wakachoka kungoja, wakamtia pingu yeye. Akala miaka kumi na miwili.

Wageni walirudi kupongezana, na mkalimani akaitwa tena. Alikwenda kwa sababu alikuwa na swali lake. Kwanza akatafsiri kwamba ushirikiano wa kanda hizi mbili umezaa matunda, watu wakapiga makofi. Walipoinuka, akamuuliza mgeni kwa lugha yake: mama wa mfungwa anaruhusiwaje kumwona mwanawe? Mgeni akamwelekeza ofisi moja ya kwao. Ofisi hiyo ikamrudisha kwa ofisi za hapa. Za hapa zikasema hilo ni suala la kule. Viza ya mama ikakataliwa bila maelezo.

Jioni hiyo mkalimani akamweleza mama yote, tangu picha ukutani. Mama alikuwa kitandani, akikunja mashati ya mwanawe.

"Ulikuwa chumba kimoja na picha yake."

"Ndiyo, mama."

"Na mdomo unao."

"Niliongea, mama. Niliwaambia ni wetu."

"Uliwaambia wao." Mama akaweka shati juu ya mengine. "Wao ndio waliomzaa?"

"Walininyang'anya simu, mama."

"Kabla ya kusema, ulikuwa nayo."



Mkalimani bado humpelekea mama sabuni na dawa za presha. Mama huzipokea mlangoni, kwa mikono miwili, na kushukuru sana, kama anavyomshukuru mtu baki.