Haraka Iliyotoa Siri

Siku ya kwanza kazini nilipanda ngazi za ofisi yetu ya Mwananyamala nimefunga tai, bahasha ya vyeti kwapani. Mkuu wa Usalama wa programu, mama mfupi wa Kitanga, hakuifungua. Aliniwekea rundo la karatasi za msimbo, maagizo ya kompyuta, mezani.

"Mwalimu, miezi mitatu utasoma tu. Kuandika baadaye."

Nilikuwa nimefundisha hesabu sekondari miaka mingi. Niliona nimedharauliwa, na sikuficha.

Tulitunza maktaba ya programu, yaani mkusanyo wa msimbo ulio tayari, ambao watengenezaji wengine waliuchukua bure. Msimbo wenyewe ulikuwa wazi, yeyote aliweza kuusoma na kuukosoa. Kiini chake kilikuwa hesabu za mkunjo. Unachukua nukta kwenye mstari uliopinda, unairusha mara nyingi kadiri namba yako ya siri inavyoamuru. Anayeona ilipotua hawezi kujua uliirusha mara ngapi. Namba hiyo ndiyo ufunguo, na kwa ufunguo huo maabara za zahanati zilitia sahihi majibu ya vipimo, ili asitokee mtu wa kuyaghushi.

Tulikuwa na desturi moja. Msimbo mpya ulisomwa kwa sauti, mstari kwa mstari, na mtu ambaye hakuuandika. Ofisi ya jirani walitutania kwamba tunasoma maulidi.

Miezi yangu ya kusoma ilipokwisha, akaja Meneja wa Miradi. "Mwalimu, hii kitu inavuta sana. Manesi wanalalamika, simu zao zinaganda kwenye sahihi."

Nikachimba. Nikaona kwamba kila penye sifuri ndani ya namba ya siri, ambayo kompyuta huiandika kwa sifuri na moja tu, programu ilifanya hesabu kisha ikaitupa. Upuuzi gani huu? Nikaikata. Kasi ikapanda, Meneja akanikumbatia. Mkuu alikuwa likizo, nami kwa kiburi changu cha ualimu nikausoma msimbo wangu mwenyewe, peke yangu, nikautoa kwa watumiaji.

Wiki chache baadaye mtu tusiyemjua alituandikia kwa faragha. Alikuwa amepima muda wa sahihi maelfu kwenye simu yake ya majaribio. Penye sifuri ilikwenda upesi, penye moja ikakawia. Kwa kufuatilia muda tu, alikuwa ameupata ufunguo mzima. Hesabu zangu zilikuwa sahihi kabisa, ila haraka yake ilikuwa inasema siri. Mgonjwa angeweza kuambiwa mzima, kwa sahihi halali.

"Turekebishe kimyakimya, braza," Meneja alisema. "Nani atajua?"

Mkuu, aliyekuwa amesharudi likizo, akamgeukia. "Na hizo zahanati zitajuaje kwamba zibadilishe funguo?"

Kisha Mkuu akanisogezea kibodi. "Mwalimu, andika."

Niliandika tangazo mbele ya dunia nzima: kosa liko wapi, lilianza toleo lipi, badilisheni funguo leo. Mwisho nikaweka jina langu. Nilijua huenda ndiyo siku yangu ya mwisho pale. Haikuwa. Tulirudisha ile hesabu ya kutupwa, Mkuu akaisoma kwa sauti, na kila sahihi ikachukua muda uleule, penye sifuri na penye moja.

Hatukuwahi kusikia habari ya jibu lililoghushiwa. Lakini kutosikia si ushahidi, na jambo hilo linanikera hadi leo, nimestaafu, nakaa zangu Boko.

Juzi nilimpeleka mke wangu kupima damu. Mbele yetu kulikuwa na mzee mmoja, nesi akabonyeza simu kutia sahihi majibu yake. Nikahesabu sekunde kimoyomoyo. Zamu yetu ikafika.

"Shikamoo babu. Mnisamehe, hii huwaga inavuta kidogo."

Mke wangu akasonya.

"Marahaba, mwanangu. Iache ivute," nikasema.

Nikahesabu tena. Zilikuwa sawasawa na za yule mzee.